Kufundisha moyo kwa simu na kompyuta: hatua tunazofuata Tanga

Nimeuandika mwongozo huu baada ya kukaa na mwalimu mwenzangu anayefundisha utabibu hapa Tanga, tukaandaa somo la moyo tangu mwanzo hadi likakaa sawa. Mfano ni moyo, lakini njia ni ile ile kwa figo au mkono.

Hatua ya 1: Tafuta jambo ambalo kitabu hakilionyeshi

Kwa moyo, jambo hilo ni auriko ya kushoto, yaani chumba cha juu cha upande huo. Imekaa nyuma, ikielekea uti wa mgongo, wakati michoro mingi huiweka pembeni. Kama unachotaka kufundisha kinaonekana vizuri kwa chaki, chora ubaoni na uokoe muda.

Hatua ya 2: Programu

Kwenye kompyuta natumia Z-Anatomy, programu ya maumbo ya mwili unayoweza kuyazungusha, na sioni kwa nini chuo chenye bajeti ndogo kianze na nyingine. Ni ya bure, inafunguka bila intaneti ndani ya Blender, programu ya kuchora maumbo ya 3D, na maumbo yake yametokana na BodyParts3D, hazina ya maumbo ya mwili ya Japani. Complete Anatomy ya Elsevier inapendeza zaidi machoni, ila ni ya kulipia. Kwa simu za wanafunzi kigezo changu ni kimoja: washa hali ya ndege, kisha fungua kila umbo mtakalolitumia. Lisilofunguka, lisiingie kwenye somo.

Hatua ya 3: Pakueni nyumbani, chajini simu, beba waya wa HDMI wa kuunganisha kompyuta na skrini kubwa

Hatua ya 4: Wafundishe pande kabla hawajagusa skrini

Hapa ndipo somo huharibika, na ndipo saa zetu nyingi zilipoishia. Mwanafunzi anaondoa mbavu, anaondoa mapafu, moyo unabaki unaelea peke yake. Anauzungusha mara mbili, kisha anasema ventriko (chumba cha chini cha moyo) ya kulia ndiyo ya kushoto, tena kwa kujiamini kabisa. Picha ya kitabuni haimponzi hivyo kwa sababu haigeuki.

Msimamishe mwanafunzi mmoja mbele akilitazama darasa, mikono imeshuka, viganja vimeelekea mbele. Huo ndio mkao wa kianatomia. Kulia ni kulia kwake yeye, si kwa anayemtazama. Baada ya hapo ndipo simu zifunguliwe.

Wasifiche kila kitu. Waache mfupa wa kidari, mtulinga wa kushoto na uti wa mgongo hata kama wanachunguza moyo tu. Umbo likigeuka, kidari kitawaambia mbele ni wapi. Wakitazama kwa mbele, ncha ya moyo iwe upande wa kulia wa skrini, chini, kwenye nafasi ya 5 kati ya mbavu, usawa wa mstari unaoshuka kutoka katikati ya mtulinga. Sehemu kubwa ya uso wa mbele ni ventriko ya kulia. Wakiona ya kushoto ndiyo imetawala hapo, umbo limeshageuka.

Vipande vya mlalo vina mtego wake. Picha ya CT, yaani eksirei inayoonyesha mwili vipande vipande, husomwa kana kwamba umesimama miguuni pa mgonjwa ukitazama kuelekea kichwani, kwa hiyo ini hukaa kushoto mwa picha. Programu ikikuonyesha kipande kutoka juu, pande zinabadilishana. Tafuta ini kwanza. Likiwa kulia mwa skrini, geuza umbo ulitazame kutoka chini kabla ya kuwaonyesha, maana vijana hawa kesho watasoma picha za wagonjwa halisi pale hospitali ya Bombo, na huko kukosea upande si jambo dogo.

Hatua ya 5: Simu moja, wanafunzi watatu

Mmoja anashika, mmoja anataja, mmoja anachora daftarini, kisha wanapokezana. Kila mtu akiwa na simu yake, darasa linanyamaza na huwezi kujua nani amepotea.

Hatua ya 6: Moyo wa mbuzi

Usiiruke hata kama programu yako ni ya gharama. Mwagize muuza nyama wa Ngamiani mapema, umwambie asiupasue na asikate mishipa ya juu, kwani kwa kawaida huikata. Vaeni glovu, pasueni, kila mmoja abane ukuta wa ventriko ya kushoto kwa vidole na kuulinganisha na wa kulia. Unene huo skrini haiwezi kuupitisha mkononi. Waambie pia kuwa bluu ya kwenye programu ni rangi ya kutofautisha tu. Damu ya vena, mishipa inayoirudisha moyoni, ni nyekundu iliyokolea.

Kisha kila mmoja atafute mapigo ya ncha ya moyo kifuani mwake. Wasioyapata wakiwa wamekaa wainame mbele kidogo, au walalie ubavu wa kushoto.

Hatua ya 7: Jaribio

Simu mfukoni. Wape karatasi tupu wachore moyo ukitazamwa kwa nyuma. Aliyekariri picha ya kitabuni atakwama, na aliyeuzungusha akijua pande ataanza na auriko ya kushoto.