Ng'ombe waingie lini, watoke lini: kupanga malisho ya asili Tabora

Mvua za kwanza Tabora kwa kawaida huanguka Novemba, na wiki hiyohiyo mifugo iliyokonda hufunguliwa ikafukuzie kijani. Hapo ndipo malisho mengi ya Igunga, Nzega na Uyui yanapoharibika. Nyasi za kudumu zikichipua baada ya kiangazi hazina majani ya kujitengenezea chakula. Zinakula akiba iliyobaki kwenye mizizi na kwenye vitako vya mashina. Chipukizi la kwanza likiliwa, shada hutoa la pili kwa akiba ileile. Hilo nalo likiliwa, shada linadumaa au kufa, na nafasi yake huchukuliwa na magugu na vichaka vya miiba. Ng'ombe mwenyewe hafaidiki: majani hayo yamejaa maji, atatembea kutwa, ataharisha, na jioni tumbo halijajaa.

Kwa hiyo usiangalie rangi, pima urefu. Nyasi ndefu, kama zile za kuezekea, zifike sentimita 25 hadi 30. Ukoka sentimita 10 hadi 15. Kisha shika shada ulivute kama ng'ombe anavyovuta. Likitoka na mizizi, bado. Wakati wa kusubiri, wabane ng'ombe kwenye kipande kimoja tu, hasa chenye ukoka kwa kuwa unavumilia kwato, na uwape mabua uliyohifadhi.

Kutoka ni muhimu kuliko kuingia, na ndiko wengi wanakozembea. Ondoa kundi nyasi zikiwa zimeliwa nusu, yaani nyasi ndefu zimebaki sentimita 15 hivi. Mvua ikiwa nzuri, shada lililoliwa huchipua tena ndani ya siku chache, na ng'ombe hupenda kurudia palepale kwa sababu pana majani laini. Ndiyo maana kundi lisikae mahali pamoja zaidi ya wiki moja. Gawa eneo vipande 6, kila kimoja siku 6: kila kipande kitapumzika siku 30. Uzio si lazima. Kichuguu, njia ya mkokoteni na mstari wa miti vinatosha kuwa mipaka, ili mradi mchungaji aijue. Mvua ikikatika Januari au Februari, ongeza siku za kupumzisha, maana nyasi hazikui kwa kufuata kalenda.

Nyasi za kuezekea zilishwe kabla hazijatoa mashuke. Zikishakomaa mashina yanakuwa magumu na ng'ombe huchambua majani tu. Hata hivyo, kila mwaka acha kipande kimoja kikomae na kudondosha mbegu, na mwaka unaofuata acha kingine.

Mbuga ya udongo mweusi usiiguse ikiwa imejaa maji. Kwato zinachimba mashimo, zinaoza, na konokono wa majini hueneza minyoo ya maini. Masika chunga juu, kwenye udongo wa kichanga. Shuka mbugani kuanzia Juni, ardhi ikishakauka.

Ngitili, yaani malisho yanayotengwa kuwa akiba ya kiangazi, hufungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa Julai au Agosti, mabua ya mashambani yakiisha. Ukubwa wake usiukisie. Mvua zinapokwisha, kata nyasi za mita 1 kwa mita 1 mahali 10 tofauti, anika hadi zikauke kabisa, pima, tafuta wastani. Wastani ukiwa gramu 200, ekari moja (mita za mraba 4,000 hivi) ina kilo 800. Hesabu kilo 400 tu za kulisha. Zilizobaki zifunike udongo. Ng'ombe wa kienyeji wa kilo 250 hula kilo 6 hadi 7 za nyasi kavu kwa siku. Ng'ombe 20 kwa siku 90, ukihesabu kilo 7, wanahitaji kilo 12,600, sawa na ekari 32 hivi. Ukiwa na ekari 15, punguza kundi Juni, wakati ng'ombe bado wana miili na bei. Oktoba utauza mifupa.

Safisha njia ya kuzuia moto kuzunguka ngitili Mei au Juni, upana mita 5 hadi 10. Moto wa Septemba unamaliza akiba yote kwa mchana mmoja.

Kwenye mabua, angalia mtama uliochipua upya baada ya kuvunwa. Machipukizi mafupi, yasiyofika magotini, au yaliyonyauka kwa jua, yana sianidi, na ng'ombe mwenye njaa anaweza kufa muda mfupi tu baada ya kuyala. Waingize wameshakula kitu kingine, au kata machipukizi hayo kwanza uyaanike yakauke.

Kuanzia Septemba nyasi kavu zina protini pungufu ya asilimia 7, na vijidudu vya tumboni vinavyosaga chakula hudhoofika. Ng'ombe anakula lakini anakonda. Ng'ombe wa maziwa na maksai wa kulima wape mashudu ya pamba, nusu kilo hadi kilo moja kwa siku. Maganda ya migunga nayo yanasaidia, na yaokotwe mapema kabla mchwa hawajayafikia.