Mkataba wa programu huria ya kaunti: pa kukagua kabla ya kutia sahihi

Kaunti ya Mombasa ikigharamia programu huria (ile ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuutumia na kuubadilisha msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha), tuseme ya kukusanya ushuru wa vibanda Soko la Kongowea, neno "huria" kwenye tangazo la zabuni halimfungi mtu. Kinachofunga ni mkataba. Tajeni leseni, yaani masharti ya kuitumia na kuisambaza programu, ndani ya hati za zabuni zenyewe, kwa jina na toleo: GPL 3, Apache 2.0 au MIT. Mshindi akishajulikana, kupenyeza sharti jipya ni kazi ngumu. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inataka siku 14 zipite tangu taarifa ya ushindi kabla ya kutia sahihi. Zitumieni kusoma viambatisho.

Huko viambatishoni ndiko mambo huharibikia. Kampuni huja na "masharti ya jumla" yake, maandishi madogo madogo, yanayosema kila walichoandika wafanyakazi wake ni mali yake. Mkataba mkuu unasema huria, kiambatisho kinasema siri, na ugomvi unazuka wakati pesa zimeshatoka. Wekeni kipengele hiki: "Kiambatisho chochote kikigongana na mkataba huu, mkataba huu ndio utakaofuatwa."

Kisha fuatilieni hakimiliki inapopita. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya 2001 humpa haki aliyeagiza kazi, isipokuwa makubaliano yaseme vingine. Sasa kampuni ikimpa kijana wa mtaa wa Tudor kandarasi ndogo ya kuandika sehemu ya malipo, aliyeagiza ni kampuni, si kaunti. Haki hiyo haiifikii kaunti mpaka kampuni iihamishe kwa maandishi yenye sahihi. Daini nakala ya kila kandarasi ndogo. Ikikosekana moja tu, kaunti haina uhakika kwamba inaweza kuitoa sehemu ile chini ya leseni yoyote.

Kwenye usiri, andikeni hivi: "Siri ni data za watu, nywila na funguo za usalama pekee; msimbo, muundo wa hifadhidata na maelezo ya matumizi si siri." Data za wachuuzi zinabaki chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kuufungua msimbo hakuzifungui.

Msimbo ukae kwenye akaunti ya kaunti tangu siku ya kwanza, usingoje makabidhiano. Kabla ya malipo ya mwisho, chukueni kompyuta tupu na mtu asiyeshiriki kazi hiyo, aisimike programu kwa kufuata maelezo yaliyoandikwa tu. Ikigoma, malipo yasubiri. Mara nyingi kinachogomesha ni kijisehemu cha kampuni kisicho huria, kinachohitaji leseni ya kulipiwa kila mwaka. Kwa hiyo daini orodha ya vijisehemu vyote na leseni zake. Kijisehemu kisicho huria kilichounganishwa na msimbo wa GPL, leseni inayotaka programu nzima iwe huria, hakiwezi kusambazwa pamoja nao kihalali.

Mwisho, nywila. Kufuta faili yenye nywila hakutoshi, kwa sababu historia ya Git, mfumo unaotunza kila toleo la msimbo, bado inayo. Badilisheni nywila zote kwanza, ndipo muuweke msimbo hadharani.