Kuhesabu maduka yanayofunguliwa na yanayofungwa: mwongozo kwa mitaa ya Kigoma

Ukitaka kujua hali ya uchumi wa Mwanga au Ujiji, usianzie kwenye daftari la leseni. Daftari humjua anayeingia, anayetoka haagi. Mtu akifilisika hufunga mlango akaenda zake, na leseni yake hubaki hai hadi miezi 12 itimie. Wengine hubadilisha jina la biashara wakahesabiwa wapya, ilhali shelfu ni zilezile na muuzaji ni yuleyule. Kazi hii ni ya miguu.

Hatua ya 1: Ipe kila fremu namba

Fremu 100 hadi 150 zinatosha. Watu wawili humaliza kwa asubuhi moja. Hesabu milango. Andika namba, aina ya biashara, jina lililo kwenye kibao, na alama ya karibu isiyohama, kama nguzo ya umeme. Fremu tupu nazo ziandike, la sivyo hutajua zimejazwa lini. Magenge na meza za nje weka karatasi yake peke yake, maana huhama kila kukicha na zitakuvurugia asilimia.

Hatua ya 2: Chagua siku, tena uangalie mwezi wa angani

Rudi kila baada ya miezi mitatu, siku ileile ya wiki. Epuka Ijumaa mchana. Kibirizi na Katonga, penye mialo ya samaki, zina sharti la ziada: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka mitumbwi hulala ufukweni. Mama lishe, wauza barafu na vibanda vya wakala wa fedha kwa simu hupungukiwa wateja wiki hiyo, wengine hawafungui kabisa. Anayehesabu wakati wa giza kisha akarudia wakati wa mbalamwezi ataandika msiba usiokuwepo. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Takwimu za Julai mwaka ule usizilinganishe na za Aprili bila kulitaja hilo.

Hatua ya 3: Mlango uliofungwa una majibu matatu

Amefunga, amehama, au amepumzika. Hapa ndipo wengi huharibu kazi. Anza na kufuli: likiwa na utando wa buibui, na karatasi zilizosukumwa chini ya mlango zimepigwa vumbi, huyo hajafika siku nyingi. Kisha muulize jirani, fundi cherehani hasa, kwa kuwa yeye hukaa nje kutwa: «Shikamoo mama, huyu wa hapa kafunga au kahama?» Usiulize kuhusu deni wala kodi, utaonekana mtu wa mapato na hutaambiwa kitu. Aliyehamia mtaa mwingine kama Gungu usimhesabu kuwa amekufa kibiashara. Ukibaki na shaka, pita tena baada ya wiki.

Hatua ya 4: Piga hesabu

Tuseme kati ya fremu 120, zilizokuwa wazi mwanzo ni 104. Baada ya miezi mitatu biashara 13 zimefunga, 17 zimefunguliwa, nyingine ndani ya fremu zilezile zilizoachwa. Sasa ziko wazi 108. Gawanya kwa 104: waliofungua ni asilimia 16.3, waliofunga ni asilimia 12.5. Ongezeko la fremu 4 peke yake lingekuficha kwamba kumetokea mabadiliko 30.

Hatua ya 5: Soma kwa aina

Waliofungua na waliofunga wote wakiwa wachache, mtaa umelala, hata kama hakuna aliyefilisika. Wote wakiwa wengi, tazama nani anaingia. Zikifa duka la vifaa vya ujenzi na mashine ya kusaga, pakazaliwa vibanda vitano vya wakala, idadi imepanda lakini mtaji umeshuka. Mtu aliyekosa kazi naye hufungua duka. Si kila kibao kipya ni dalili ya neema.

Kosa la mwisho ni la muda. Kodi ya fremu mara nyingi hulipwa miezi sita au mwaka kabla, kwa hiyo biashara iliyokwisha kufa huendelea kufungua mlango hadi kodi iishe. Wanaofunga leo wanakusimulia hali ya nusu mwaka uliopita. Ukitaka kuwahi, ongeza safu moja kwenye karatasi: shelfu zimejaa, nusu, au bidhaa zimepangwa mstari wa mbele tu na nyuma ni hewa. Hao wa mstari mmoja, watafute kwanza ziara ijayo.