Kusafisha viti vya kale vya Kiingereza vyenye michoro bila kuua rangi yake

Jamaa yangu huku Uingereza kanunua mnadani viti vya kulia chakula, vyeusi, mgongoni maua na mistari ya dhahabu, akaniuliza aanze na msasa wa namba ngapi. Msasa weka mbali kabisa! Viti vya mtindo huu, miaka ya 1780 hadi 1820 hivi, thamani iko kwenye rangi, chini mara nyingi ni mbao ya beech tu, ya bei poa na wadudu wanaipenda. Halafu rangi za zamani zina madini ya risasi, ambayo ni sumu, hilo vumbi usilivute.

1. Tikisa maungio. Yakicheza, gundi ya moto ya ngozi, sio ya kisasa. Usibebe kiti kwa kushika mgongo, kitabu cha Hepplewhite, fundi samani wa Kiingereza, kilichotoka 1788 baada ya kifo chake, kinasema viti vya rangi fremu yake inaweza kuwa nyembamba kuliko ya mahogani.

2. Zima taa, mulika tochi kwa ubavuni. Rangi iliyoinuka ibandike kwanza kabla hujagusa kitu kingine. Ukiona rangi imeingia ndani ya matundu ya wadudu, basi hapo pamepakwa upya baadaye.

3. Kusafisha, na hapa ndo watu wanaharibu. Juu kuna uchafu, chini yake vanishi, chini yake mchoro, na kwa macho vyote ni kahawia tu. Spiriti usiiguse, inayeyusha vanishi ya shelaki na maua yanaondoka nayo. Maji mengi nayo hapana, chini ya dhahabu mara nyingi kuna chaki na gundi, ikilowa inalainika. Mimi naanza na mate, msicheke, mafundi wa makumbusho wanayatumia: pamba kwenye kijiti, sehemu iliyojificha, unaviringisha husugui, kila mara pamba mpya na iliyotumika hairudi mdomoni. Ikitoka kijivu endelea, ikitoka njano hiyo ni vanishi, simama ufikirie, ikitoka nyekundu au kijani acha hapohapo. Na jaribu kila rangi peke yake, maana nyeusi inaweza kuvumilia na waridi la pembeni yake likafutika. Ukimaliza kipande, pitisha pamba yenye unyevu kidogo wa maji safi, kausha.

4. Nta nyembamba, kitambaa laini.

Mstari wa dhahabu uliokatika uache hivyohivyo, ile rangi ya dhahabu ya kopo baada ya muda inageuka kahawia. Sehemu ya kukalia ya henzerani ikitoboka mpe fundi wa kusuka viti.