Sikio lisilotoka usaha nalo lipimwe: mimi ninavyofanya

Mgonjwa akija na sikio linalotoka usaha miezi na miezi, wengi wetu tunalirukia hilo hilo, tunasafisha, tunaandika matone, kwaheri, la pili tunaandika "nomo" (yaani halina tatizo) bila hata kulichungulia. Jamani. Masikio yote mawili yanapata hewa kwa mirija inayofungukia nyuma ya pua hiyo hiyo moja, upande mmoja ukigoma na mwenzake mara nyingi ana lake hata kama halimuumi.

Hatua ya 1: anza na hilo zima. Spikula (kale kamrija ka kuchungulia sikio) bado safi, huhamishi usaha, na mtoto akiona la kwanza halikuuma anakupa la pili bila vita. Mkubwa vuta sikio juu na nyuma, mtoto mdogo vuta chini na nyuma.

Hatua ya 2: angalia ngoma ya sikio, usikimbie. Inatakiwa iwe kijivu cha kung'aa, na kale kapembetatu ka mwanga sikio la kulia kanakaa kwenye namba 5 ya saa ya ukutani, kushoto namba 7. Tafuta madoa meupe kama chokaa, ngoma iliyovutwa ndani, maji nyuma yake, tundu. Alafu panda juu kabisa, pale wengi hatufiki. Mimi niliwahi kukuta kaganda ka kahawia hapo juu nikasema nta hii, nikaandika nomo, aliporudi tukakabandua na chini yake kuna kishimo kimejaa ngozi nyeupe, kolesteatoma (ngozi inayojikusanya ndani ya sikio na kulila) inaanza kwenye sikio "zima"! Siku hizi ganda la juu siliiti nta mpaka litoke.

Hatua ya 3: abane pua, afunge mdomo, apulize kama anazibua masikio basi likishuka mlima Kitonga. Ngoma isiyo na tatizo utaiona inacheza. Ana mafua? Ruka hii.

Hatua ya 4: usikivu. Simama nyuma yake umbali wa mkono, msugulie kinyama cha mbele ya sikio lingine, nong'ona "saba, nne, tisa", arudie. Kisha gonga tuningi foku (uma wa chuma unaotoa sauti) ya hezi 512, iweke katikati ya paji la uso, umuulize anaisikia upande gani (kipimo cha Weber). Ugonjwa ukiwa wa ngoma upande mmoja tu, sauti inakimbilia sikio bovu. Ikikimbilia hilo zima, shtuka, maana ama sikio bovu limeshaharibika hadi ndani, ama hilo zima nalo lina kizuizi. Akisema anasikia katikati wakati ngoma moja ina tundu kubwa, pia usimwachie hivi hivi.

Hatua ya 5: audiometria (kipimo cha usikivu cha mashine) ya masikio yote mawili kabla ya opareshen, na timpanometria (kipimo cha ngoma inavyocheza, kinachorwa kama mchoro) kama mashine ipo. Mchoro ukiwa mstari bapa usio na kilele wakati ngoma haina tundu na nta haijaziba, fikiria maji. Na kama linalotoka usaha ndilo pekee linalosikia, liandike kwa herufi kubwa juu ya faili, daktari wa upasuaji alione kabla hajashika kisu.