Namna ya Kudumisha Ari Uzito Unapokataa Kupungua

Mtu aliyejitahidi kwa wiki tatu au nne, akapunguza chakula, akaacha vinywaji vyenye sukari, akatembea hata siku alizochoka, kisha akapanda kwenye mizani na kuikuta namba ileile, haumizwi na namba peke yake. Kinachomuumiza zaidi ni kuona kwamba jasho lake halikuhesabiwa. Wengi huacha hapo, na si wachache kati yao huacha wakati mwili umekwisha kuanza kubadilika bila wao kujua.

Ushauri ambao mtu wa aina hii hupewa mara nyingi ni kwamba ajikaze. Sidhani kwamba ushauri huo unatosha, kwa sababu ari haiji kwa kuamriwa. Mtu hudumu katika jambo pale anapoona dalili kwamba linazaa kitu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutafuta ushahidi wa kweli kuhusu kinachoendelea mwilini, na kuacha kuifanya mizani kuwa shahidi wa pekee.

Hakikisha kwanza kwamba uzito umekwama kweli

Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kalori 7,700. Mtu anayepunguza kalori 300 kwa siku, kiasi ambacho ni cha busara na kinachoweza kudumishwa, atahitaji karibu siku 26 ili kupoteza kilo moja ya mafuta. Katika siku hizohizo, maji yaliyomo mwilini yanaweza kupanda na kushuka kwa kilo moja au mbili kwa sababu zisizohusiana kabisa na mafuta: chakula chenye chumvi nyingi, choo kigumu, mazoezi mapya yanayoifanya misuli ivimbe kidogo inapojijenga, au siku zinazotangulia hedhi. Hesabu hii inatosha kuonyesha kwamba kazi halali ya mwezi mzima inaweza kufichwa na maji, na kwamba aliyepima mara moja tu mwanzoni na mara moja mwishoni hana njia ya kulijua hilo.

Maji hayohayo ndiyo yanayowadanganya watu mwanzoni. Mwili huhifadhi wanga katika ini na misuli kwa umbo la glikojeni, na kila gramu ya glikojeni hukaa pamoja na takriban gramu tatu za maji. Mtu anapopunguza chakula ghafla, akiba hiyo hutumika na maji yake hutoka, ndiyo maana wiki ya kwanza huweza kuondoa kilo mbili au tatu na kumjaza mtu furaha kubwa. Wiki ya tatu inapoleta gramu mia chache tu, huonekana kama kushindwa, ilhali pengine ndiyo wiki ambayo sehemu kubwa ya kilichotoka ilikuwa mafuta. Naamini watu wengi wangevumilia zaidi kama wangeelezwa jambo hili kabla ya kuanza.

Njia nzuri ya kupima ni hii: jipime asubuhi baada ya kwenda haja na kabla ya kula au kunywa, ukiwa na nguo nyepesi zilezile, uandike namba bila kuitolea hukumu. Baada ya siku 7, tafuta wastani. Linganisha wastani wa wiki hii na wastani wa wiki nne zilizopita, wala usilinganishe leo na jana. Mwanamke anayepata hedhi atapata picha sahihi zaidi akilinganisha wiki moja ya mzunguko na wiki kama hiyo ya mzunguko uliopita. Na kama unajua kwamba kupanda kwenye mizani kila asubuhi kunakuharibia siku, jipime mara moja kwa wiki au uiache mizani kwa muda, kwani kuna vipimo vingine vinavyoweza kukuongoza.

Tafuta ushahidi mwingine na uuandike

Kipimo cha kiuno kina thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mafuta yanayozunguka viungo vya ndani ya tumbo ndiyo yanayohusiana zaidi na kisukari na magonjwa ya moyo. Zungusha utepe wa kupimia katikati ya ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, toa pumzi kawaida bila kuvuta tumbo, kisha soma. Fanya hivyo kila baada ya wiki mbili au nne. Mtu aliyeanza mazoezi ya kunyanyua vitu vizito huweza kujenga misuli huku akipoteza mafuta, uzito wake ukabaki palepale na kiuno chake kikapungua. Mizani haitamwambia habari hiyo, lakini utepe utamwambia. Nguo iliyokuwa ikibana itamwambia vilevile.

Andika pia mambo ambayo mwili wako unayaweza leo na ulikuwa huyawezi: ngazi unazopanda bila kuhema, umbali unaoutembea bila magoti kuuma, namna unavyolala. Ukiwa na nafasi ya kupimwa shinikizo la damu au sukari, weka matokeo hayo katika daftari hilohilo. Mabadiliko ya namna hii si zawadi ya kumfariji aliyekosa kitu halisi. Katika utafiti mkubwa wa kuzuia kisukari uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2002, watu waliokuwa katika hatari ya kupata kisukari cha aina ya pili walipewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki. Kundi hilo lilipungua kwa wastani wa kilo 5.6 tu, kiasi ambacho wengi wangekiona kidogo mno kuwa cha kujivunia, lakini idadi ya waliopata kisukari ilikuwa pungufu kwa asilimia 58 ikilinganishwa na kundi lililopewa vidonge vya kulinganishia visivyo na dawa ndani yake.

Weka lengo katika vitendo unavyovimudu

Huwezi kuamua kwamba Jumamosi utakuwa na uzito fulani, kwa kuwa jambo hilo liko nje ya uwezo wako wa moja kwa moja. Unaweza kuamua kutembea dakika 30 leo jioni. Mtu anayejipa alama kwa vitendo hupata sababu ya kuendelea kila siku, na yule anayejipa alama kwa kilo husubiri wiki nyingi ili apate sababu hiyo, na huenda asiipate. Kwa hiyo chagua vitendo viwili au vitatu, visizidi hapo, uvielezee kwa namna ambayo usiku utaweza kujibu kwa ndiyo au hapana kama vimefanyika. “Nitakula vizuri” hakina jibu la namna hiyo. “Nusu ya sahani yangu ya jioni itakuwa mboga” kina jibu.

Kila kitendo kifunge na wakati au tukio linalokitangulia. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alionyesha katika kazi zake za miaka ya 1990 kwamba watu hutekeleza nia zao zaidi wanapopanga kwa umbo la “jambo fulani likitokea, nitafanya hivi” kuliko wanapobaki na nia tupu. Panga, kwa mfano, kwamba ukishavua viatu vya kazini utavaa vya kutembelea kabla hujaketi, na kwamba mvua ikinyesha utafanya mazoezi ndani kwa dakika 15. Mpango wa mvua ni muhimu kama mpango wa jua, kwa sababu siku zinazoiua ari ni zile ambazo hatukuziwekea mpango.

Jipe pia muda wa haki. Katika utafiti uliofanywa na Phillippa Lally na wenzake katika Chuo Kikuu cha University College London, watu waliojaribu kujenga desturi moja mpya walihitaji siku 66 kwa kadirio la kati kabla haijawa jambo la kujifanyia lenyewe, na tofauti kati yao ilikuwa kubwa, kuanzia siku 18 hadi 254. Watafiti hao waliona vilevile kwamba kukosa siku moja hakukuharibu ujenzi wa desturi. Ningependa kila anayejilaumu kwa siku moja iliyoharibika alikumbuke hilo.

Jikague kwa ukweli, bila kujitukana

Ikiwa wastani wa wiki nne haujasogea na kiuno hakijasogea pia, basi uzito umekwama kweli, na hapo yafaa kukagua ulaji na mwendo wako. Mwaka 1992 jarida la *New England Journal of Medicine* lilichapisha utafiti juu ya watu walioamini kwamba miili yao ilikataa kupungua ingawa walikula kidogo. Vipimo vilionyesha kwamba miili yao ilitumia nguvu kama kawaida, ila walikuwa wakikadiria chakula chao pungufu kwa asilimia 47 na mazoezi yao zaidi kwa asilimia 51. Hawakuwa waongo; kukadiria chakula kwa macho ni jambo gumu kwa binadamu yeyote. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina takriban kalori 120, kwa hiyo vijiko viwili visivyohesabiwa hufuta karibu upungufu wote wa kalori 300 tuliouzungumzia. Pima na uandike kila kinachoingia kinywani kwa siku 7, pamoja na vya kuonja, vya kumalizia watoto na vya kunywa, kisha soma orodha hiyo kama unayetafuta pa kurekebisha.

Sababu ya pili haitokani na kosa lolote. Mwili mdogo hutumia nguvu kidogo, na juu ya hapo mwili unaopungua hubana matumizi yake huku ukiongeza njaa. Leptini, homoni inayotengenezwa na mafuta na kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo, hushuka. Kubana huko kwa matumizi kulionekana wazi katika jaribio la mtafiti Ancel Keys katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mwaka 1944 na 1945, ambapo wanaume 36 wenye afya walijitolea kula karibu nusu ya chakula chao cha kawaida kwa miezi sita: miili yao ilipunguza matumizi ya nguvu kwa kiasi kikubwa, wakawa wanyonge, wenye huzuni, na wasiofikiri jambo jingine ila chakula. Hao hawakuwa wanene, na njaa yao ilikuwa kali, kwa hiyo hali yao haifanani na ya kila mtu. Hata hivyo somo moja linatufaa: aliyekwama hapaswi kujibu kwa kukata chakula nusu nyingine.

Badili jambo moja tu kwa wakati, ukalipe wiki tatu au nne. Kuongeza protini na mboga husaidia kushiba. Kuongeza mwendo wa kila siku husaidia pia. Usingizi usiuache nje ya ukaguzi. Utafiti mdogo wa mwaka 2010 uliwaweka watu 10 katika mlo uleule kwa siku 14, mara moja wakipewa saa 8.5 kitandani na mara nyingine saa 5.5, walipunguza uzito unaokaribiana, lakini sehemu iliyotokana na mafuta ilipungua kwa asilimia 55 walipolala kidogo, na njaa ikaongezeka.

Siku unayotaka kuacha

Siku hiyo itakuja, na ni vyema kuamua mapema utakachofanya. Usichukue uamuzi wowote mkubwa usiku ule au mara baada ya kujipima. Ukiwa umekula kupita kiasi, usifunge siku inayofuata na usijiadhibu kwa mazoezi. Mlo unaofuata uwe wa kawaida, basi. Hatari ya mlo mmoja uliozidi ni ndogo sana, ila fikra kwamba siku imekwisha kuharibika ndiyo huzaa milo mingine minne.

Ukiwa umechoka kweli baada ya miezi mingi, unaweza kusimama kwa wiki mbili kwa makusudi, lengo likiwa kubaki na uzito ulio nao bila kuupandisha. Kulinda uzito ni ujuzi ambao utauhitaji maisha yako yote, na kujifunza sasa si kupoteza muda. Mwambie pia mtu mmoja unayemwamini kile unachohitaji kutoka kwake: huenda unataka akusindikize kutembea, au anyamaze kuhusu sahani yako. Anayependa kukusaidia hawezi kukisia.

Wakati wa kumwona daktari

Usisubiri hadi ukate tamaa. Upungufu wa homoni ya tezi ya shingoni, tatizo la homoni linaloambatana na vifuko vingi kwenye ovari, na baadhi ya dawa huweza kupandisha uzito au kuuzuia kushuka. Miongoni mwa dawa hizo ni insulini, dawa za steroidi, baadhi ya dawa za kifafa, za sonona na za magonjwa mengine ya akili, pamoja na sindano ya uzazi wa mpango kwa baadhi ya wanawake. Usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako. Muulize daktari kama ipo nyingine inayofaa. Mwone haraka ikiwa umeanza kujitapisha, kutumia dawa za kuharisha, kula kwa siri hadi kuumia, au kuogopa chakula kiasi cha kujitenga na watu, kwa maana hapo suala si uzito tena na lina matibabu yake. Unapokwenda, beba daftari lenye wastani wa kila wiki, vipimo vya kiuno, orodha ya chakula ya zile siku 7 na majina ya dawa zote unazotumia, kisha mwombe aangalie vyote pamoja nawe kabla ya kukupa ushauri.