4x4 ya zamani kwa familia: anza na visivyotengenezeka

Injini iliyochoka hufanyiwa ovahoo, gia boksi hubadilishwa, siti hushonwa upya. Chesisi iliyoliwa na kutu, siti isiyo na mkanda wa begani na buti isiyomeza hata begi moja watu saba wakishakaa, hayo utaishi nayo. Kwa hiyo ukaguzi wa gari la familia uanzie huko, si kwenye boneti ambako wanunuzi wengi hukimbilia.

Hata kabla ya kwenda kuliona gari, jiulize njia zako zinadai nini. Ukipita lami na barabara ya vumbi iliyochongwa, gari la kawaida lililonyanyuka kidogo na lenye tairi nzuri linatosha. Kwa matope ya hapa na pale, RAV4, X-Trail au Forester inafaa: bodi yenyewe ndiyo chesisi, gari ni jepesi, na mfumo hupeleka nguvu kwenye magurudumu yote bila wewe kufikiri. Ukivuka mito, ukipanda milima ya mawe au ukivuta trela zito, hapo ndipo Land Cruiser, Prado au Patrol zenye chesisi ya ngazi (fremu ya chuma iliyojitenga na bodi) na gia nzito ya 4L (magurudumu manne kwa mwendo wa pole na nguvu nyingi) zinapostahili uzito wake na mafuta yake. Tofauti ya lita 12 na lita 16 kwa kila kilomita 100 inaonekana ndogo mdomoni, lakini kwa kilomita 15,000 kwa mwaka ni lita 600 za ziada. Piga hesabu hiyo kwanza, kwa ukweli.

Ujue pia aina ya mfumo unaonunua. Magari yenye 4H (magurudumu manne kwa mwendo wa kawaida) ya kuingiza kwa liva, bila difu ya katikati (gia inayoruhusu mbele na nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti), hayatakiwi kuendeshwa kwa 4H kwenye lami kavu. Kwenye kona magurudumu ya mbele husafiri njia ndefu kuliko ya nyuma, na kama propela shafti mbili (fito zinazopeleka nguvu mbele na nyuma) zimefungwa pamoja, tofauti hiyo haina pa kwenda: usukani unakuwa mzito, tairi zinalika, na mwishowe kitu kinavunjika ndani. Prado za toleo la 90 na la 120 zenye 4x4 ya muda wote zina difu ya katikati, na Pajero zenye Super Select (mfumo wa 4x4 wa Mitsubishi) zina nafasi ya 4H inayoruhusu lami. Dereva wa pili wa familia naye aelewe jambo hili kabla ya kupewa ufunguo.

Sasa siti. Mpeleke mtoto mwenyewe pamoja na kiti chake cha gari, usikisie. Ingiza vidole kwenye mfinyo kati ya egemeo na kalio la siti za safu ya pili. Gari lenye ISOFIX (vishikio vya kufungia kiti cha mtoto) lina vyuma viwili vyembamba humo, vimeachana sentimita 28. Magari mengi ya miaka ya 1990 hayana, kwa hiyo kiti cha mtoto kitafungwa kwa mkanda wa gari. Vuta kila mkanda hadi mwisho wake na uukague urefu wote: nyuzi zilizochanika kingoni au sehemu iliyokakamaa ni mkanda wa kubadilisha. Kisha uachie urudi, halafu uvute kwa ghafla, lazima ukamate. Siti ya kati ya safu ya pili na siti za nyuma kabisa kwenye magari mengi ya zamani zina mkanda wa kiunoni tu. Huo haumfai mtoto anayekalia kiti cha kumnyanyua, kwa sababu kiti hicho kinahitaji mkanda unaopita begani. Ukikuta hivyo, hesabu gari kuwa la watu watano, hata kama muuzaji analiita la saba.

Siti za mwisho zinazokunjwa kwa pembeni zina lachi zinazochakaa. Zifunge, kisha zitikise kwa nguvu zako zote. Mkalishe mtoto mkubwa hapo utazame umbali kati ya kichwa chake na kioo cha nyuma; kukiwa na upana wa kiganja tu, siti hiyo ni ya safari fupi.

Kuna jambo lingine ambalo halionekani kwenye tangazo: eneo la nyuma ambalo dereva halioni. Simamisha ndoo yenye urefu wa mtoto anayetambaa nyuma ya bampa, mwingine akae kwenye usukani, uisogeze nyuma hadi aione kwenye kioo. Kwenye gari refu lenye tairi la spea mlangoni utashangaa umeenda hatua ngapi. Kamera ya nyuma iwe matengenezo ya kwanza. Kumbuka pia kwamba gari la zamani lililonyanyuka juu, lisilo na mfumo wa kielektroniki wa kuzuia kuteleza hupinduka kwa urahisi zaidi dereva akikwepa kitu ghafla, na mzigo wa kwenye keria unaongeza hatari hiyo. Mizigo mizito ikae chini, ndani, nyuma ya siti.

Uzito nao una kikomo. Kibati kilichopigwa mlangoni au chini ya boneti huonyesha uzito wa juu unaoruhusiwa. Tuseme gari tupu ni kilo 2,300 na kikomo ni 2,950: umebaki na kilo 650. Watu saba wa wastani wa kilo 65 ni 455. Bampa la chuma, keria na spea ya pili vinaweza kula 130. Zilizobaki ni 65 kwa mabegi, maji na chakula cha wote. Ndiyo maana magari haya huvunja springi na kuchosha breki.

Kutu. Nenda na tochi, nyundo ndogo na nguo za kuchafuka, kisha ulale uvunguni. Gonga chesisi taratibu kutoka mbele kwenda nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa mlio mfu na maganda. Sehemu mbaya zaidi ni pale chesisi inapopanda juu ya eksili ya nyuma, kwenye vishikio vya springi na kwenye vyuma vinavyokatiza, kwa sababu matope na maji hukaa hapo. Rangi nyeusi mbichi uvunguni mwa gari la miaka 25 ni sababu ya kugonga zaidi. Nyundo ikizama, au ukikuta bamba limechomelewa juu ya kutu, liache gari hilo hata likiwa zuri namna gani juu.

Injini ikaguliwe ikiwa baridi kabisa. Gusa boneti ufikapo. Ikiwa ya moto, rudi siku nyingine. Fungua mfuniko wa rejeta (kamwe usiufungue injini ikiwa ya moto): maji yawe safi, yawe na rangi ya kulanti (dawa ya maji ya rejeta), si ya kahawia wala yenye mafuta juu. Rudisha mfuniko, washa injini, shika hozi ya juu ya rejeta. Ikikakamaa kama mti ndani ya dakika moja na bado ni baridi, gesi ya silinda inapenya kwenye maji: gasketi ya silinda hedi imekwisha au hedi yenyewe ina ufa. Ufa wa hedi ni ugonjwa unaojulikana wa injini ya 1KZ-TE (dizeli ya Toyota, kama ya Prado) iliyowahi kuchemsha. Injini za 1HD-T za mwanzo (dizeli ya Land Cruiser) hula beringi za konrodi, na ZD30 za mwanzo kwenye Patrol zina sifa ya kuunguza pistoni. 1HZ, dizeli nyingine ya Land Cruiser, haina turbo, ni nzito kuondoka, lakini ndiyo tunayoipendekeza kwa mtu anayetaka usingizi.

Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi unaoendelea ni mafuta mengi au hewa kidogo: nozeli, chujio, turbo. Mweupe usiokwisha injini ikishapata moto ni maji, au dizeli isiyoungua. Legeza mfuniko wa oili injini ikinguruma. Mvuke mdogo ni kawaida, lakini ukipuliza kwa nguvu, ringi zimechoka. Uliza uthibitisho wa mkanda wa taimingi: 1KZ na 1HZ zinao, na desturi ni kuubadilisha kila kilomita 100,000. Bila karatasi, uchukulie kuwa haujabadilishwa. Kwenye dizeli nafasi kati ya valvu na pistoni ni ndogo mno, hivyo ukikatika injini imekwenda.

Kwenye Land Cruiser 80 na Patrol, pinda usukani hadi mwisho, tazama nyuma ya gurudumu la mbele. Kuna mpira wa chuma unaong'aa, mkubwa kuliko chungwa. Utando mwembamba wa grisi juu yake ni sawa. Oili nyepesi inayochuruzika hadi kwenye rimu ina maana sili ya eksili imekufa na oili ya difu imeosha grisi. Vipuri vyake si vikubwa, lakini kazi ni ya siku nzima na hufanywa pande zote mbili.

Endesha angalau nusu saa. Kona ya mwisho wa usukani ikitoa mlio wa tak-tak, jointi ya CV (kiungo kinachozungusha gurudumu la mbele) imelika. Kishindo ukitoka D kwenda R ni krosi za propela, bushi au difu yenye uchezaji. Usukani ukitetemeka vibaya baada ya kupiga shimo kwenye mwendo wa kilomita 70 au 80, kagua tairodi, bushi na beringi za habu. Kisha tafuta ardhi laini, uingize 4H, halafu 4L ukiwa umesimama kwenye N. Taa iwake na gari livute. Mifumo isiyotumika miaka mingi hukwama kwa kutu au mota zake kufa, na muuzaji atakwambia "huwa situmii".

Tairi zote nne ziwe saizi moja na zilingane kina, hasa kwenye gari linalojipangia lenyewe nguvu: tairi moja mpya kati ya tatu zilizolika hulazimisha kapulingi (kiunganishi kinachogawa nguvu mbele na nyuma) kufanya kazi muda wote hadi iungue. Soma tarakimu nne za mwisho ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Ukilipenda, tenga angalau sehemu ya tano ya bei kwa huduma ya kwanza: mkanda wa taimingi, kulanti, maji ya breki, hozi za mpira za breki, vichujio vyote, na oili ya injini, gia boksi, transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) na difu zote mbili. Wakati wa kumwaga oili ya difu simama karibu na fundi. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ya bolti ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole ni meno ya gia, na oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingia maji, kwa hiyo kagua bomba la kupumulia difu kabla ya kujaza mpya.